Moyo wa Maabara na Koo la Mtoto wa Nakivale

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yaliyoanzishwa mwaka 1958, mtoto akilalamika koo mama humpa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, na baada ya siku tatu mtoto hurudi mchezoni. Mara nyingi jambo huishia hapo. Lakini kwa watoto wachache koo hilo ndilo mwanzo wa safari ambayo mwisho wake ni moyo kushindwa kazi.

Wasomaji wengi wamekwisha sikia kwamba mabingwa wa ng'ambo wanajaribu kuotesha mioyo mipya. Mwaka 2008 wataalamu wa Minnesota, Marekani, waliosha moyo wa panya aliyekufa hadi ukabaki kiunzi kitupu, wakapanda humo chembe hai changa. Baada ya siku 8 moyo ule ulianza kusukuma, ijapokuwa kwa nguvu ya asilimia 2 tu ya moyo wa panya mzima. Huko Ujerumani, mwaka 2021, mama wa miaka 46 alishonewa viraka vya nyama ya moyo iliyooteshwa, naye akangoja moyo wa kupandikizwa kutoka kwa mtu mwingine. Moyo mzima wa kuoteshwa bado hajatiwa binadamu yeyote. Kazi hiyo ni ya kustaajabisha, ila mgonjwa wa Mbarara aliyevimba miguu leo hana muda wa kuingoja.

Miongoni mwa vijana wa Uganda, sababu kubwa ya moyo kuharibika ni homa ya baridi yabisi. Vijidudu huingia kooni, na kinga ya mwili hutoka kuvipiga vita. Kwa bahati mbaya sare ya vijidudu hivyo inafanana na ya vilango vya moyo, na askari wa mwili huwapiga risasi wenzao. Vilango hupata makovu: vingine havifungi, vingine havifunguki sawasawa. Kijana huchoka upesi, hukosa pumzi akilala chali, na miguu huvimba. Kwa akina mama wengi dalili hujitokeza wakati wa mimba, damu inapoongezeka mwilini na moyo kuzidiwa na mzigo.

Dawa ni ya zamani, tena ni ya kijeshi kwa asili yake. Homa hii hupenda mahali penye msongamano, iwe kibanda cha wakimbizi au bweni la askari. Karibu na mwaka 1950, katika kambi ya Fort Warren, Marekani, madaktari walithibitisha kwamba askari mwenye koo akipewa penisilini mapema huepukana nayo. Zipo siku 9 hivi tangu koo kuanza. Si kila koo linahitaji dawa hiyo, kwa maana mengi ni mafua tu. Mtoto wa kupelekwa upesi zahanati ni yule mwenye homa na tezi za shingo zilizovimba, asiye na kikohozi wala kamasi. Na dawa imalizwe, hata kama maumivu yamekwisha.

Aliyekwisha kuguswa moyo hudungwa penisilini kila baada ya wiki 4, kwa miaka mingi. Huko Gulu, watoto 818 ambao ugonjwa wao ulikuwa bado umejificha waligawanywa makundi mawili na kufuatiliwa miaka miwili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: kwa waliodungwa, ugonjwa ulizidi kwa watoto 3, kwa wasiodungwa, 33.

Hospitali ya Rufaa ya Mbarara huwapima na kuwaandikisha wagonjwa wa namna hii, na wanaohitaji upasuaji huenda katika Taasisi ya Moyo, Mulago. Ugumu ni nauli ya kila mwezi, na sindano yenyewe inauma. Mtoto hulia, na mzazi huona huruma akaahirisha. Kwa familia za askari na polisi kuna shida nyingine, nayo ni uhamisho. Kadi ya sindano isifungiwe chini ya sanduku pamoja na masufuria; ikae mkononi mwa mama, na siku ya kwanza katika kituo kipya ionyeshwe kwa mganga kabla wiki ya 4 haijapita.