Fundi wa Elektroniki za Ndege: Kweli au Si Kweli?

Kijana mwenye alama nzuri za Fizikia na Hisabati akiulizia kazi hii, mtaani hukosi mtu wa kumjibu, na majibu mengi yametiwa chumvi. Tuyapime sita.

1. "Anayetengeneza redio na simu ameshaiva."
Si kweli. Mkono mzuri wa kulehemu ni mtaji, lakini fundi wa kibandani akikosa kipuri hutafuta kinachofanana. Kwenye karakana ya ndege hilo ni kosa kubwa. Kila hatua hufuata kitabu cha mtengenezaji, na kila kipuri huja na hati inayoonyesha kilikotoka.

2. "Umeme ni umeme, wa nyumbani na wa ndege ni uleule."
Nusu kweli. Kanuni ya Ohm haibadiliki. Ila umeme wa nyumbani kwetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, na wa ndege nyingi kubwa mara 400, ili transfoma na mota ziwe ndogo na nyepesi. Nyaya nazo aghalabu ni nyeupe, na hutambuliwa kwa herufi na namba zilizochapwa juu yake. Katika Boeing 787, ambayo Air Tanzania ilipokea ya kwanza mwaka 2018, umeme huwasha injini, huyeyusha barafu ya mabawa na hujaza hewa chumba cha abiria, kazi ambazo ndege nyingine hufanya kwa hewa ya injini.

3. "Bila Kiingereza hufiki mbali."
Kweli. Vitabu vya matengenezo na michoro ya nyaya huandikwa kwa Kiingereza, tena sahili, ili sentensi isiwe na maana mbili.

4. "Kazi ni mikono, makaratasi ni urasimu tu."
Si kweli. Oktoba 1996, Boeing 757 ya Aeroperú iliruka usiku kutoka Lima huku matundu yanayopima mgandamizo wa hewa yakiwa yamezibwa kwa utepe wa gundi, uliobandikwa wakati wa kuosha ndege na kusahauliwa. Vipimo vya kasi na kimo vikawadanganya marubani, ndege ikaanguka baharini, na watu wote 70 wakafa. Ndiyo maana fundi husomea kutengeneza, lakini zaidi husomea haki ya kutia sahihi kwamba kazi imekaguliwa na ndege inafaa kuruka.

5. "Cheti cha chuo ndiyo leseni."
Si kweli. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinadai umri usiopungua miaka 18 na uzoefu wa miaka 4, au 2 kwa aliyemaliza mafunzo yaliyoidhinishwa. Kisha kuna mitihani, na kozi ya aina ya ndege utakayoidhinisha: kuijua Airbus hakukupi ruhusa ya kusaini Boeing.

6. "Mafunzo yako Ulaya tu."
Si kweli. Matengenezo ya ndege hufundishwa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, na pia Embakasi, Nairobi, na Soroti, Uganda. Kabla ya kulipa ada popote, uliza: mamlaka ya usafiri wa anga imekiidhinisha chuo hiki kwa kozi hii hasa? Na mazoezi ya vitendo hufanyika kwenye ndege ipi? Chuo kisichojibu wazi hakitakufikisha kwenye sahihi.