Utayarishaji wa Picha Zenye Usuli Angavu kwa Vitini vya Shule ya Msingi

Utangulizi

Katika mazoezi ya kufundisha tuliyoyasimamia hapa katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mwanachuo mmoja alifundisha Darasa la Pili somo la mazao ya kwetu. Alikuwa amepiga picha ya korosho kwa simu yake, korosho ikiwa juu ya jamvi na jua likiwa limeinama. Katika simu picha ile ilipendeza. Aliichapa, akaitolea fotokopi, akawagawia watoto na kuuliza: "Hiki ni nini?" Darasa zima likajibu kwa sauti moja: "Panya!"

Watoto hawakukosea. Fotokopi ilikuwa imeunganisha korosho na kivuli chake, kivuli kikawa mkia, na milia ya jamvi ikawa manyoya. Hivyo watoto waliokulia chini ya mikorosho, ambao nyumbani kwao daftari na sare hununuliwa kwa fedha ya korosho, walishindwa kuitambua korosho darasani. Kosa lilikuwa letu walimu. Tuliwapa picha ambayo haikutayarishwa.

Makala haya yanakusudia kumweleza mwalimu mtarajiwa namna ya kutenga kitu na usuli wake katika picha, na namna ya kuiweka picha hiyo katika ukurasa utakaochapwa. Tunashikilia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: kuondoa usuli ni uamuzi wa kufundishia kwanza, ndipo huwa ufundi wa kompyuta.

Maana ya usuli angavu

Kila picha ina sehemu mbili: kitu kinachofundishwa, na usuli, yaani yote yanayoonekana nyuma na kandokando ya kitu hicho. Walimu waliotutangulia waliielewa vema tofauti hiyo. Walichukua mkasi, wakakata picha ya ng'ombe katika gazeti, wakabandika kipande cha msasa mgongoni mwake, kisha wakaishikiza juu ya ubao uliovishwa kitambaa cha flaneli. Ng'ombe alibaki peke yake ubaoni, na jicho la mtoto halikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Kompyuta hufanya kazi ya mkasi ule. Picha ya kompyuta ni nukta nyingi ndogo zilizopangwa safu kwa safu, ambazo huitwa pikseli. Kwa kawaida kila pikseli huelezwa kwa tarakimu tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu. Picha yenye usuli angavu huongezewa tarakimu ya nne, inayoeleza pikseli hiyo ionekane kwa kiasi gani. Katika faili za kawaida tarakimu hiyo huanzia 0, ambapo pikseli haionekani kabisa, hadi 255, ambapo inaonekana kamili. Thamani za katikati hutumika ukingoni, ili kitu kisionekane kama kilichotafunwa na mchwa. Njia hii ilibuniwa huko New York mwishoni mwa miaka ya 1970 na Ed Catmull na Alvy Ray Smith.

Mwanachuo asichanganye uangavu na weupe. Picha yenye usuli mweupe na picha yenye usuli angavu hufanana kabisa zikiwa juu ya karatasi nyeupe. Lakini ukiiweka ile ya kwanza ndani ya kisanduku cha kijivu, au karibu na maandishi, mraba mweupe hujitokeza na kufunika kilicho chini yake.

Aina ya faili nayo ina umuhimu wake. Faili za JPEG, ambazo ndizo simu nyingi hutoa, hazina nafasi ya ile tarakimu ya nne. Ukihifadhi picha yako kwa JPEG, usuli hujazwa rangi, mara nyingi nyeupe na pengine nyeusi. Faili za GIF zinao uangavu, lakini pikseli huonekana au haionekani, hakuna katikati; tena rangi zake hazizidi 256. Faili za PNG, zilizoanza kutumika mwaka 1996, huhifadhi uangavu wa ngazi zote bila kupunguza ubora wa picha. Kwa kazi ya vitini, basi, tutumie PNG.

Usuli uondolewe lini, na uachwe lini?

Swali hili ndilo kiini cha kazi yetu. Tutalijibu kwa mazao matatu ambayo kila mtoto wa hapa kwetu anayajua.

Kwanza, korosho na bibo lake. Mtini, bibo jekundu kati ya majani mabichi ni kitu cha kupendeza. Lakini shule zetu nyingi huchapa kwa wino mweusi pekee, na katika uchapaji huo nyekundu iliyokolea na kijani kilichokolea huwa kijivu kimoja. Bibo humezwa na majani. Hapa usuli hauna budi kuondolewa. Hata hivyo tuache kikonyo na majani mawili au matatu, ili mtoto aone kwamba bibo linaning'inia na korosho iko chini yake, nje ya tunda. Picha ya korosho pekee, iliyokatwa na bibo lake, haiwezi kufundisha jambo hilo.

Pili, karanga. Ua la karanga huchanua juu ya ardhi, kisha kikonyo chake hurefuka, hushuka na kuingia udongoni, na karanga hukomaa humo. Mwalimu akiufuta udongo wote ili mmea ubaki safi, atakuwa amefuta somo lenyewe; mtoto atadhani karanga huning'inia hewani kama maembe. Katika picha hii tunaondoa uzio, miguu ya watu na jembe lililoachwa nyuma, lakini mstari wa ardhi unabaki. Vivyo hivyo katika somo la historia. Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu za mpango wa karanga ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951. Picha ya trekta la wakati ule, likitengwa na msitu ulioangushwa nyuma yake, hubaki kuwa picha ya trekta tu. Habari ya mpango ule imo katika usuli.

Tatu, ufuta. Punje zake ni nyeupe au za rangi ya maziwa. Ukiondoa usuli na kuziweka juu ya karatasi nyeupe, punje hupotea. Hapa kuondoa usuli hakutoshi. Yafaa kuzizungushia punje mstari mwembamba mweusi, au kuziweka ndani ya kisanduku cha kijivu cha wastani. Na hapo ndipo faida ya uangavu huonekana, kwa sababu kijivu cha kisanduku kitajaza nafasi zote kati ya punje na punje.

Kwa ufupi, kabla ya kugusa kompyuta mwalimu ajiulize: je, mtoto akiondolewa kitu hiki katika picha, ataelewa zaidi au ataelewa pungufu? Jibu la swali hilo ndilo litakaloongoza mkono wake.

Hatua za kazi

1. Kupiga picha. Kazi huwa nyepesi ikiwa picha ilipigwa kwa kufikiri. Weka kitu juu ya kanga au karatasi ya rangi moja iliyo tofauti na rangi ya kitu chenyewe. Piga kivulini, au siku ya mawingu, ili kusiwe na kivuli kikali. Mwanachuo wetu angefanya hivyo, panya asingezaliwa.

2. Kutunza picha ya asili. Hifadhi picha ya kwanza bila kuigusa, na fanya kazi katika nakala. Picha ikipelekwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hupunguzwa ukubwa na hupoteza uangavu; itumwe kama hati.

3. Kukata. Katika programu ya bure kama GIMP, ongeza kwanza uwezo wa uangavu katika tabaka la picha, kisha zungushia kitu mstari kwa nukta zinazofuata ukingo wake. Ni heri kuficha usuli kuliko kuufuta, kwa maana kilichofichwa hurudishwa na kilichofutwa kimekwenda. Ziko programu zinazokata zenyewe kwa mguso mmoja. Zinasaidia, lakini hazijui somo lako: huweza kukata kikonyo, ncha ya jani au mzizi mwembamba, vitu ambavyo pengine ndivyo ulivyokusudia kufundisha. Zikague.

4. Kusafisha ukingo. Mara nyingi utando mwembamba wa rangi ya usuli wa zamani hubaki ukizunguka kitu. Sogeza mpaka ndani kwa pikseli moja, kisha ulainishe kidogo. Ili kuuona utando huo, weka chini ya picha tabaka lenye rangi kali, kwa mfano nyekundu, halafu nyeusi. Makosa yaliyojificha juu ya weupe yatajitokeza.

5. Kupima ukubwa. Uchapaji mzuri wa picha huhitaji takriban nukta 300 kwa kila inchi, na inchi moja ni sentimeta 2.54. Picha itakayochukua upana wa sentimeta 8 katika kitini inahitaji basi pikseli 945 hivi. Ukurasa mzima wa A4 unahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Picha ndogo haikui kwa kuvutwa. Huvutika tu, na nukta zake zikaonekana kama matofali.

6. Kujaribu kwa kijivu. Geuza nakala moja iwe ya kijivu kabla ya kuchapa. Kama sehemu mbili muhimu zimekuwa kijivu kimoja, angaza moja na ukoleze nyingine.

Kuiweka picha ukurasani na kuichapa

Katika programu za kupanga kurasa, kama Scribus na LibreOffice, picha yenye usuli angavu huweza kuzungukwa na maneno yakifuata umbo lake. Tunamshauri mwanachuo asishawishike. Mtoto wa Darasa la Kwanza au la Pili bado anajifunza kufuata mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Mistari inayoanzia mahali tofauti kila mara humpoteza. Kwa madarasa hayo, picha ikae peke yake juu ya maneno yake, na nafasi nyeupe iachwe pande zote. Kuzungusha maneno kunawafaa wakubwa.

Kitini kikishakamilika kihifadhiwe kwa PDF. Uangavu uliingizwa katika PDF mwaka 2001, na baadhi ya matoleo yaliyowekwa kwa ajili ya wapiga chapa bado hayaukubali. Mpiga chapa akitaka toleo la namna hiyo, picha hushikamanishwa na rangi ya ukurasa kabla ya kupelekwa kwake. Mwulize mapema.

Mwisho, chapa nakala moja na uitolee fotokopi katika mashine ileile itakayotumika. Usitoe nakala kutoka katika nakala, kwa sababu kila mzunguko hukoleza vivuli na kula mistari myembamba. Kisha mwoneshe mtoto mmoja asiye wa darasa lako, bila maelezo, umwulize anaona nini. Hakuna kipimo kingine cha kitini kinachoshinda hicho.

Hitimisho

Mwanachuo tuliyemtaja alirudia somo lake wiki iliyofuata. Safari hii korosho ilining'inia chini ya bibo lake, na majani mawili, juu ya karatasi tupu. Watoto waliitaja kabla hajauliza. Mmoja akaongeza kwamba bibo lile bado halijaiva, na mjadala ukaanza. Tunaomba kila mwalimu atakayetoka chuoni akumbuke hilo: picha iliyotayarishwa vema huwafungulia watoto mlango wa kusema wanayoyajua.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Chagua zao moja la kijijini ulikotoka. Andika mambo mawili ambayo usuli wa picha yake unaeleza, na moja ambalo unaficha.

2. Tayarisha picha ya punje za ufuta kwa njia mbili: yenye mstari wa ukingo, na yenye kisanduku cha kijivu. Zitolee fotokopi na mjadili katika kikundi ipi inafaa zaidi.

3. Picha yako ina upana wa pikseli 600. Kwa nukta 300 kwa inchi, inaweza kuchapwa vizuri kwa upana wa sentimeta ngapi?