Gari la kale si gari kuukuu: Kinachotazamwa kwenye maonyesho

KUNA tofauti kubwa kati ya gari kuukuu na gari la kale, ingawa huenda yote mawili yaliundwa mwaka mmoja. Gari kuukuu limechakaa kwa kukosa matunzo, ilhali la kale umri umeliongezea heshima. Tofauti hiyo ndiyo hudhihirika siku ya maonyesho, magari yaliyozaliwa kabla ya wengi wa watazamaji yanapopangwa uwanjani yakimetameta.

Nchini Kenya, maonyesho yanayojulikana zaidi ni shindano la umaridadi liitwalo kwa Kifaransa Concours d’Elegance, lililoanzishwa mwaka wa 1970 na chama cha wamiliki wa magari ya Alfa Romeo. Kwa miaka mingi limefanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi. Mashindano ya aina hiyo yana asili ya mbali: lile la Villa d’Este nchini Italia lilianza 1929, na la Pebble Beach, California, likafuata 1950.

Mgeni huenda akadhani kwamba mshindi ni gari lenye rangi inayong’aa zaidi. Sivyo. Waamuzi hufunua boneti wakaitazama injini, hukagua viti na buti, kisha huchungulia uvunguni. Tope lililoganda au mafuta yanayovuja hupunguza alama. Kwa hivyo, pikapu ya mkulima iliyotunzwa vyema yaweza kupata alama nyingi kuliko gari la fahari la tajiri aliyezembea.

Umri wa kuitwa la kale

Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, husema kuwa gari la kihistoria sharti liwe limetimiza angalau miaka 30, lihifadhiwe katika hali inayolingana na asili yake, na lisiwe chombo cha safari za kila siku. Waingereza ni wakali zaidi. Msafara wao wa kila Novemba kutoka London hadi Brighton hupokea magari yaliyoundwa kabla ya 1905 pekee. Msafara huo hukumbuka mwaka wa 1896, sheria ilipoondoa masharti mazito yaliyoyalazimisha magari kutambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Katika Afrika Mashariki, thamani ya gari la kale haimo katika umri pekee bali pia katika barabara lililozipitia. Volkswagen aina ya Beetle, ambayo wengi waliijua kama gari la mwalimu au karani, ilishinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1954, 1957 na 1962. Mwaka wa 1963, kati ya magari 84 yaliyoanza, saba tu ndiyo yaliyomaliza, na Peugeot 404 ikaibuka mshindi. Miaka miwili baadaye, Joginder Singh na nduguye Jaswant walitwaa ushindi wakiwa katika Volvo PV544. Naye abiria wa masafa marefu wa miaka ya themanini haelezwi Peugeot 504 ilikuwa nini.

Petroli, vipuri na fundi

Kulitunza gari la namna hiyo si mchezo. Injini nyingi za zamani ziliundwa kutumia petroli yenye madini ya risasi, yaliyokuwa yakikinga vikalio vya valvu visilike. Kenya ilipoachana na petroli hiyo katikati ya muongo wa 2000, hatua iliyokuwa na manufaa makubwa kwa afya ya umma, wenye magari hayo walilazimika kubadilisha vikalio hivyo kwa vyuma vigumu zaidi au kuchanganya dawa katika mafuta.

Tatizo la pili ni fundi. Gari la kisasa huchunguzwa kwa kompyuta. La kale hutaka mtu anayejua kurekebisha kabureta kwa kusikiliza mlio wa injini, na kuchonga kipuri ambacho kiwanda kiliacha kukiunda kitambo. Mafundi wengi wenye ujuzi huo wamezeeka, na kijana asipopata gari la kujifunzia, maarifa hayo hayarithiki.

Tatu, hazina yenyewe haiongezeki kwa urahisi. Kanuni za Kenya kwa jumla haziruhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi umri wa miaka minane. Kila gari la kale linalokatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu, basi, ni pengo lisilozibika kwa wepesi. Injini za treni zina makao katika Makavazi ya Reli jijini Nairobi tangu 1971, lakini magari ya barabarani kwa kiasi kikubwa yamebaki mikononi mwa watu binafsi.

Aliyeachiwa gari na mzazi wake hana budi kulihifadhi penye paa na pakavu, kutunza kitabu cha umiliki, na kutotupa kifaa chochote cha asili hata kikiwa kimeharibika, kwani hicho ndicho fundi atakachoigiza. Kutu nayo ishughulikiwe ingali doa. Usipoziba ufa, wahenga walisema, utajenga ukuta. Na ukuta wa bati la mwaka wa 1965 hauuzwi dukani.