Muscat: Jiliwa lililokaa kombo huharibu shafti nzima

Mkulima wa pwani ya Batinah, kaskazini-magharibi ya Muscat, hutegemea pampu kuvuta maji ya kisima. Shafti ya pampu ikivunjika, mpya huchongwa karakanani, pengine Wadi Kabir, na hukatwa mfereji mwembamba wa kabari inayoishikanisha na puli. Mfereji huo ukienda kombo kwa unene wa unywele, kabari hukwama, na chuma kilichokwisha kukatwa hakirudi.

Mara nyingi kosa haliko kwenye mashine ya milingi yenyewe, bali kwenye jiliwa linalobana kazi juu ya meza yake. Meza husogea katika mstari ulionyooka. Jiliwa likifungwa upande kidogo, shafti nayo hukaa upande, na kisu hukata kombo.

Ni rahisi kulilaumu joto la Muscat, ambalo hupita nyuzi 40 wakati wa kiangazi. Lakini chuma cha milimita 100 hurefuka takriban milimita 0.02 tu joto likipanda kwa nyuzi 20, na kurefuka huko hakugeuzi jiliwa. Adui wa karibu zaidi ni chenga za chuma na mchanga. Punje moja chini ya jiliwa hulinyanyua upande mmoja, na kipimo kinachofuata hakitaionyesha. Ndiyo maana fundi hufuta kwanza meza na kitako cha jiliwa, kisha hupapasa kwa kiganja.

Baada ya hapo hukaza bolti moja kiasi, ili iwe kama bawaba, na nyingine huiacha ikishika kidogo tu. Kwenye kichwa cha mashine, ambacho hakizungushwi, hufunga saa ya kupimia, ambayo akrabu yake huonyesha sehemu ya mia ya milimita. Ncha yake huguswa kwenye taya lisilosogea. Taya linalosogea halifai, kwani hunyanyuka na kuyumba linapobana.

Akrabu huwekwa kwenye sifuri karibu na ile bolti iliyokazwa, kisha meza husogezwa taratibu hadi mwisho wa pili wa taya. Tuseme akrabu imehama milimita 0.10 katika urefu wa milimita 100: mfereji wa milimita 60 utapotoka kwa milimita 0.06, ilhali nafasi ya kabari ni sehemu chache tu za mia. Jiliwa hugongwa polepole kwa nyundo ya plastiki, meza hurudishwa, sifuri huwekwa upya, na safari huanza tena mpaka akrabu itulie.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo kazi huharibika. Bolti zinapokazwa kwa nguvu, jiliwa husogea tena. Kwa hiyo hukazwa kwa zamu, kidogo kidogo, na saa hupitishwa mara nyingine kabla ya kisu kugusa shafti. Jiliwa likigongwa au kisu kikikwama, hupimwa upya kabla ya kipande kinachofuata.