Sukari na Mishipa ya Fahamu (5): Mguu Ukifa Ganzi, Moyo Nao?

Kila tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, huja na mahema ya kupima sukari bure. Watu huchomwa kidole, huambiwa namba yao, huenda zao. Ni nadra kusikia akiulizwa yule ambaye namba yake anaijua miaka mingi na sasa nyayo zimekufa ganzi: usiku analalaje, na moyo wake ukoje?

Mtu aliyelielewa swali hilo vizuri hakuanzia kwenye kisukari. Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1914, alikuwa daktari wa upasuaji huko Vellore, kusini mwa nchi hiyo. Wakati huo wengi waliamini kwamba ukoma wenyewe ndio unaokula vidole. Brand alichunguza akaona sivyo: ugonjwa huua mishipa ya fahamu, kisha asiyesikia maumivu hujiumiza mwenyewe, akashika chungu cha moto au akatembea na msumari ndani ya kiatu. Vidole vilivyotoweka usiku ndivyo vilivyomtatiza zaidi yeye na wenzake. Walipokesha kuwatazama wagonjwa, wakamkuta mwizi: panya, aliyetafuna huku mwenye kidole akiendelea kulala. Dawa ikawa paka. Mgonjwa aliyerudi nyumbani alikabidhiwa wake.

Msomaji wa Dar es Salaam asicheke. Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa wa kisukari, hapahapa Tanzania, walioumwa na panya miguuni.

Lakini kisa kinachogusa mada ya leo kilimpata Brand mwenyewe. Alifika London kwa treni, amechoka kwa safari ndefu na anaumwa mafua. Alipovua soksi aligundua kisigino hakisikii kitu. Akajichoma pini, maumivu hakuna. Baada ya miaka yote ile na wagonjwa wa ukoma, alijua zamu yake imefika. Alikesha akiwaza maisha ya kutengwa na mkewe na watoto. Asubuhi akajichoma tena, akapiga yowe: kumbe ulikuwa mshipa uliobanwa kwa kukaa sana kwenye treni.

Huyo ni bingwa wa ganzi, na usiku mmoja tu ulimvunja moyo. Mama muuza vitumbua wa Tandale, ambaye ganzi yake haiondoki alfajiri, anadaiwa ujasiri wa namna gani?

Brand aligundua jambo jingine: wagonjwa walivizungumzia viungo vyao visivyo na hisia kana kwamba ni vya mtu mwingine. Alipohamia Carville, Louisiana, nchini Marekani, mwaka 1966, alikuta miguu ya wenye kisukari ikiharibika kwa njia ileile. Aliyekwisha kuuhesabu mguu wake kuwa maiti haukagui, wala haununulii kiatu. Ndugu wakiona hivyo humwita mkaidi.

Na ndugu nao wana lao. Mgonjwa akilalamika kwamba nyayo zinawaka moto, ilhali mguu unaonekana mzima, huambiwa anadeka. Wengine husema amekanyaga kitu alichotegewa, na fedha ya dawa ikaishia kwa mganga. Basi hunyamaza, akaacha hata kwenda msikitini au kanisani kwa kuogopa kuyumba mbele za watu. Loretta Vileikyte na wenzake, waliochunguza wagonjwa wa Uingereza na Marekani, walikuta kwamba miongoni mwa dalili zote, kuyumba huko ndiko kulikofungamana zaidi na sonona.

Kwa nafasi iliyobaki, tiba. Sonona huwapata wenye kisukari takriban mara mbili ya watu wengine, na inatibika. Amitriptilini, kidonge cha zamani cha bei nafuu, kwa dozi ndogo ya usiku hutuliza maumivu ya mishipa. Kwa kuwa ni dawa ya sonona pia, wapo wanaosoma karatasi yake, wakadhani daktari amewaona wehu, wakaitupa. Daktari aeleze kabla ya kuandika. Nayo haimfai kila mtu, hasa mzee au mwenye ugonjwa wa moyo.

Kazi nyingine haihitaji daktari. Kila jioni mtu mmoja wa nyumbani alete beseni la maji ya uvuguvugu, ayapime kwanza kwa kiwiko chake yeye mwenye hisia, amwoshe mgonjwa, akaushe katikati ya vidole, aangalie nyayo kama kuna mchubuko au lengelenge, huku akimuuliza ameshindaje. Mjukuu anayeshinda na simu hakosi taa ya kumulikia, na dakika kumi hizo hazitamwangusha mtihani.

Sehemu ya sita itahusu viatu, na madhara ya kandambili kwa mguu wenye ganzi.