Kabla Hamjakiuza Kiti cha Bibi

WATOTO hukiona kama kiti cha kuogopesha: cheusi, mgongo mrefu ulionyooka, wala hakina mto hata mmoja. Wazee wa Lamu, Mombasa na Unguja wanakijua kwa jina lake, kiti cha enzi. Enzi ni mamlaka, na kiti hiki kiliwekwa kwa mgeni wa heshima au mkubwa wa nyumba.

Vingi vilivyobaki vilitengenezwa karne ya 19, kwa mbao ngumu na nzito kama mpingo. Pa kukalia na pa kuegemea pamesukwa nyuzi kwa mkono, zikakazwa ndani ya fremu. Vipande vidogo vya pembe ya ndovu au mfupa vimepachikwa kuwa nakshi, na mbele kuna kibao cha kuwekea miguu.

Sasa mtindo huo umerudi. Mafundi seremala wa Lamu wanachonga vipya kwa ajili ya hoteli na sebule, na wapo wanunuzi wanaotafuta vile vya zamani. Hapo ndipo familia nyingine huumia. Kiti kilichosahauliwa stoo, nyuzi zimekatika, huenda kwa bei ya kutupa kwa sababu anayejua thamani yake ni mnunuzi peke yake. Vingine huharibiwa kwa nia njema: hupigwa msasa na vanishi, nyuzi zikang'olewa, ikawekwa sponji.

Kuna sheria pia. Nchini Kenya, sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa kabla ya 1895 kuwa cha kale, na hakitolewi nchini bila kibali. Pembe ya ndovu ni jambo zito zaidi. Nchi zilikubaliana mwaka 1989 kupiga marufuku biashara yake ya kimataifa, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ni kali kwa anayepatikana nayo bila kibali. Mfupa mara nyingi huwa na vinukta vidogo vyeusi, pembe haina, lakini kwa kipande chembamba hata macho mazuri hukosea. Kwa hiyo, kabla ya kuweka picha ya kiti mtandaoni ili kukiuza, mzazi aulize kwanza ofisi ya Makumbusho ya Taifa au ya KWS.

Kukitunza si kazi kubwa. Kifutwe vumbi kwa kitambaa laini kikavu, kikae mbali na jua la dirishani na ukuta wenye unyevu. Nyuzi zilizokatika zisukwe upya na fundi anayeijua kazi hiyo. Watoto wafundishwe kukikalia, si kukirukia.

Lililo muhimu zaidi halina gharama. Mpe mtoto simu amrekodi bibi au babu akieleza kiti kilitoka kwa nani, nani aliwahi kukalishwa hapo, na kwa nini kilipelekwa stoo. Kisha apige picha kila upande. Siku ya kugawana urithi ikifika, nyumba na shamba vitakuwa na hati zake. Kiti hakina hati, na ndugu watano hawawezi kukikata vipande. Heri wakubaliane mapema, mwenyewe akiwa hai, nani atakitunza. Wakiamua kukiuza, basi wauze wakijua wanachouza.