Wajapani na muziki wa soul: Kuiga kwa heshima au kwa dhihaka?

MUZIKI wa soul ulizaliwa katika makanisa na mitaa ya Wamarekani weusi. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 50 muziki huo umekuwa na makao mengine mbali na Marekani, nchini Japani, ambako bendi kadhaa zimeupiga kwa ustadi wa kustaajabisha. Swali ambalo limeziandama bendi hizo ni hili: Je, mtu akiupenda muziki wa wenzake, ataupiga vipi bila kuwavunjia heshima?

Chanzo cha mapenzi hayo ni vita. Japani iliposhindwa mwaka wa 1945, majeshi ya Marekani yaliikalia nchi hiyo hadi 1952. Kisiwa cha Okinawa hakikurejeshwa mikononi mwa Wajapani hadi 1972. Vilabu vilivyokuwa karibu na kambi za kijeshi vilihitaji wanamuziki wa kuwatumbuiza wanajeshi, na hivyo vijana wa Kijapani wakajifunza jazz, blues na baadaye soul.

Kufikia 1968, Akiko Wada, mzaliwa wa Osaka mwenye sauti nzito, alikuwa ametoa wimbo wake wa kwanza.

Lugha nayo ilikuwa mtihani. Katika Kijapani, kama ilivyo katika Kiswahili, silabi nyingi huishia kwa irabu. Hilo ni neema, kwa kuwa mwimbaji wa soul hupenda kuivuta irabu, akaipandisha na kuishusha apendavyo. Ugumu uko kwenye mdundo. Kiingereza hutilia nguvu baadhi ya silabi na kuzipuuza nyingine, ilhali Kijapani huzipa silabi muda unaokaribia kulingana. Toshinobu Kubota, aliyeanza kurekodi mwaka wa 1986, ni miongoni mwa walioonyesha kwamba Kijapani kinaweza kuchezeka juu ya mdundo huo.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuwa wa heshima. Mwaka wa 1980, kundi la Chanels lilivuma kwa kibao 'Runaway'. Mwaka wa 1983 lilibadilisha jina na kuitwa Rats & Star, jina ambalo likisomwa kinyume hubaki lile lile. Sauti ya Masayuki Suzuki ilisifiwa sana. Lakini wanakundi kadhaa walipanda jukwaani wakiwa wamejipaka rangi nyeusi usoni ili wafanane na waimbaji waliowahusudu.

Kwa watetezi wao, hiyo ilikuwa ishara ya mapenzi. Hata hivyo, kwa Wamarekani weusi, rangi hiyo ina historia chungu. Katika karne ya 19, waigizaji wazungu walijipaka masizi ili kuwakejeli watu weusi na kuwachekesha watazamaji. Aliyefanyiwa kejeli hiyo hawezi kutarajiwa kuisahau kwa sababu tu mwingine ameirudia kwa nia njema.

Suala hilo lilizuka upya mwaka wa 2015, picha iliposambaa ikiwaonyesha wanakundi hao pamoja na wasichana wa Momoiro Clover Z wakiwa wamejipaka rangi hiyo. Baye McNeil, mwandishi Mmarekani mweusi anayeishi Japani, aliongoza malalamiko, na kituo cha Fuji TV kikaiondoa sehemu hiyo katika kipindi chake.

Kuna njia nyingine. Osaka Monaurail, bendi iliyoundwa mwaka wa 1992 na ambayo kiongozi wake ni Ryo Nakata, imejikita katika funk ya James Brown. Wanamuziki wake huvaa suti, hupuliza tarumbeta na saksafoni kwa nidhamu kali, na nyuso zao hubaki zilivyo. Isitoshe, mwaka wa 2006 bendi hiyo ilirekodi albamu 'I Am What I Am' pamoja na Marva Whitney, aliyekuwa mwimbaji katika kundi la Brown miaka ya 1960. Mwenye muziki alikaribishwa jukwaani akaimba mwenyewe, akasikilizwa.

Hapo ndipo penye tofauti. Bendi zote mbili ziliupenda muziki ule ule na kuusoma kwa bidii. Moja ilichukua sauti ikaongeza na sura ya mwenyewe. Nyingine ilichukua sauti, kisha ikamtafuta mwenyewe na kumpa nafasi. Muziki hauna mipaka, lakini una wenyewe.